Pongezi kwa Waliodai Kusikilizwa

Novemba 2007, Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alitangaza utaratibu maalumu wa kuwafikiria msamaha wafungwa waliodai kwamba makosa yao yalikuwa ya kisiasa. Waliofiwa na waliotiwa vilema kwa makosa hayo hawakupewa nafasi ya kusema neno.

Kituo cha Utafiti wa Vurugu na Maridhiano, cha Johannesburg, hakikukubali. Pamoja na mashirika mengine, likiwamo Khulumani, umoja wa manusura wa enzi ya ubaguzi wa rangi ulioundwa mwaka 1995, kilikwenda mahakamani.

Ninachokiheshimu mno ni kile walichokiomba. Hawakudai wafungwa waozee gerezani. Walitaka aliyeumizwa asikilizwe kabla rais hajaamua, kama ilivyokuwa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, ambako mkosaji alieleza alichotenda na jamaa za marehemu waliruhusiwa kumpinga. Kwani maridhiano ni ya nani, ikiwa mwenye jeraha hayumo?

Tarehe 23 Februari 2010, Mahakama ya Katiba iliwapa haki. Mahakama hiyo imejengwa Johannesburg penye gereza la zamani, na baadhi ya matofali ya gereza hilo yamo ukutani mwake.

Hongereni sana. Nasi Afrika Mashariki, ambako marais mara nyingi husamehe wafungwa katika sikukuu za taifa, tuanze kuuliza: walioumizwa wameulizwa?