Muhogo wa uani, na nani anayeamua

Katika parseli nyingi za Baraka, mji wa territoire ya Fizi mashariki mwa Kongo, mtoto wa miaka tisa hufagia uwanja, huchota maji na kupalilia kabla ya kufungua daftari. Anaifahamu kazi vizuri, lakini ukimuuliza kwa nini pingili za muhogo zimepandwa pale na wala si kule, atakujibu kwamba ndivyo mama alivyosema. Hapo ndipo penye kasoro. Maamuzi yote yamekwishafanywa na mkubwa, mtoto ameachiwa jasho. Ninachodai ni kwamba kazi ya uani humfundisha mtoto pale anapopewa kipande kidogo cha uamuzi, akakisia kitakachotokea, kisha akapima kilichotokea. Bila hayo, atapalilia miaka kumi na kutoka na ujuzi wa kupalilia basi.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, jambo hili lilijaribiwa kwa ukubwa wa nchi nzima. Machi 1967 Rais Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Sehemu ya jembe ilitekelezwa haraka. Sehemu ya kuamua ikasahauliwa katika shule nyingi. Mwalimu alipanga, mtoto akalima, na shamba likawa chanzo cha mapato au mahali pa adhabu. Huku kwetu hali ilikuwa nzito zaidi, maana kilimo cha lazima cha Wabelgiji, kilichoanza 1917, kilifuatwa na salongo ya Mobutu, yaani kazi ya pamoja ya lazima, katika miaka ya 1970. Vizazi viwili vitatu vilizoea kwamba jembe huja pamoja na amri. Mzazi anayemwamrisha mwanawe bila maelezo anarudia alichofanyiwa yeye.

Tuutazame muhogo wenyewe. Pingili hukatwa sentimita 20 hadi 30, yaani shibiri moja na vidole kadhaa, na mche hukaa mita moja kutoka mwenzake. Mtoto akipewa kona ya mita tano kwa tano, aulizwe kwanza itaingia miche mingapi. Wengi watasema 25, wapande, kisha wagundue kwamba jibu linategemea kama umeanzia ukingoni au ndani kidogo. Halafu kuna kuchagua mashina. Ugonjwa wa batobato hujionyesha kwa mabaka ya manjano na jani lililojikunja, na huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zilizotoka kwenye mche mgonjwa. Basi mtoto ndiye azunguke, akague mashina na aseme lipi likatwe. Baada ya mwezi ahesabu: kama mitatu kati ya kumi na miwili ina mabaka, ameishika robo mkononi kabla mwalimu hajaichora ubaoni. Na kama ana binamu huko juu kwenye baridi ya milima ya Fizi, wapande wiki ileile na kulinganisha urefu wa miche. Wataona wenyewe kwamba joto la ufukweni linaharakisha ukuaji.

Si kila uamuzi wa kuachiwa mtoto. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na hulowekwa siku tatu au nne ndipo uanikwe. Familia zinazofupisha siku hizo wakati wa njaa hujiweka katika hatari ya konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Hapa mtoto abonyeze mzizi kila asubuhi na kukisia siku utakapokuwa tayari, lakini neno la mwisho libaki kwa mama.

Watakaosema kwamba huku ni kupamba utumikishaji wa watoto wana hoja, hasa katika territoire hii yenye machimbo ya dhahabu kama Misisi. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ipo kwa sababu nzuri. Kipimo changu ni rahisi: mtoto akiacha leo, je, chakula cha nyumba kitapungua? Kikipungua, hiyo ni ajira, na kuiita somo ni kuficha mzigo. Bidoni ya lita 20 kichwani mwa msichana haiwi somo la ujazo hata akiulizwa maswali mangapi. Kona ya mtoto iwe ndogo kiasi kwamba ikiharibika nyumba haitikisiki. Bila hivyo, mzazi hatathubutu kumwachia akosee.

Wengine watasema kuna wazazi ambao hawakusoma. Lakini mama anayejua kwa kidole kwamba mzizi umeiva ndani ya maji ana elimu ya kutosha kwa kazi hii; kinachomgharimu ni kuuliza «unadhani itakuwaje?» na kuvumilia jibu la ovyo. Pingamizi gumu zaidi ni la muda. Muhogo hutaka miezi tisa hadi mwaka au zaidi, na watu wa Fizi wanajua kukimbia: waliorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa meli kuanzia 2005, wengine wamehamishwa tena na vita. Kwa aliye kwenye nyumba ya kukodi, au kwa mkimbizi wa Burundi aliye kambini Lusenda, somo lianzie kwenye lengalenga, yaani mchicha. Huchumwa ndani ya wiki tatu au nne na huota hata ndani ya gunia la udongo. Gunia moja lipewe majivu na jingine lisipewe, na mtoto aseme mapema lipi litashinda.