Kutoka Kilimia hadi Taifa-1: Sayansi izungumze na mkulima

Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1 iliporushwa kutoka California kwa roketi ya SpaceX, nilikuwa kwenye matatu ya kuelekea Njoro. Redio ikatangaza kwamba Kenya “imerusha chombo angani”. Mama aliyeketi kando yangu akaniuliza, “Kwani hiyo ndege italeta mvua huku kwetu?”

Abiria walicheka. Mimi sikucheka, maana kosa lilikuwa la mtangazaji. Angani huruka hata heroe wa Ziwa Nakuru. Setilaiti huizunguka dunia katika anga za juu, na hii ilikusudiwa kupiga picha za ardhi zisaidie kilimo na usalama wa chakula. Mhusika mkuu wa habari ile alikuwa mama huyo, na hakuambiwa.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Dai hilo halina mashiko. Tuna darubini, kimwondo, Zohali na Mshtarii. Tuna Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake latokana na kulima, kwani liliashiria msimu wa shamba. Isitoshe, Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Wageni waliazima neno letu. Mbona sisi tunalionea haya?

Anayetaka kuamsha hamu ya umma aanzie shambani Njoro, kisha apande juu. Mtu hashangilii asichokielewa.