Kuta Zilipobomoka: Maombolezo Pasipo Hesabu

Tumepata nafasi ya kuitazama tena filamu ya Spike Lee, When the Levees Broke, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2006. Ni ndefu, yapata saa nne, nayo imegawanywa sehemu nne mfano wa tamthilia. Yaeleza yaliyoupata mji wa New Orleans, Marekani, baada ya tufani Katrina ya tarehe 29 Agosti 2005, ambapo karibu asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji.

Hapana budi kuanza na jina lake. Mtungaji hakusema tufani ilipokuja, bali kuta zilipobomoka. Sisi walimu wa lugha twaujua uzito wa tofauti hiyo. Tufani haishtakiwi, ukuta una aliyeuchora na aliyeujenga. Na kweli, mwaka 2006 kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kilikiri kuwa kuta zake zilikuwa na kasoro za uchoraji.

Neno jingine ni mkimbizi. Watangazaji waliwaita hivyo raia waliohamishwa, nao walilikataa kwa hasira: mtu hawi mkimbizi katika nchi yake. Hasira hiyo twaielewa, ila haikutupendeza yote. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu neno hilo wamelibeba majirani zetu, na baadhi yetu tumelibeba wenyewe, si tusi. Haki yao ingeweza kudaiwa pasipo kulifanya jina la wengine kuwa aibu.

Kwa upande wa fani hatuna la kulalamikia. Hakuna msimulizi, wenye mji wasema wenyewe. Terence Blanchard, mpiga tarumbeta aliyeitungia filamu muziki, amsindikiza mama yake kuiona nyumba iliyoharibika, na kilio cha mama yule chatosha kuwa sura nzima ya kitabu.

Upungufu uko katika maudhui. Filamu yalia vizuri kuliko inavyohesabu. Mwezi Oktoba 2005 meya Ray Nagin aliwaachisha kazi watumishi wa mji wapatao 3,000, kwa kuwa hazina ilikuwa tupu. Watumishi wa shule zaidi ya 7,000, wengi wao walimu Weusi, nao walipoteza kazi, na shule nyingi zikachukuliwa na serikali ya jimbo. Walimu hao walishtaki; mwaka 2014 mahakama kuu ya Louisiana iliwanyima ushindi walioupata chini. Ni kweli kwamba mengine yalitokea baada ya filamu kukamilika, na filamu ya pili ya mwaka 2010 iligusa shule na makazi. Hata hivyo, mtazamaji wa ile ya kwanza aondoka akijua nani alikufa, asijue nani alikata bajeti.

Tutoe mfano mmoja tu. Mpango wa fidia ulioitwa Road Home ulimpa mwenye nyumba kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: thamani ya nyumba kabla ya tufani, au gharama ya kuijenga upya. Tuseme nyumba mbili zahitaji dola 120,000 kila moja. Ile ya mtaa wa matajiri ilikuwa na thamani ya 150,000, mwenyewe ajenga. Ile ya mtaa wa Weusi ilithaminiwa 60,000. Mwenyewe apewa nusu, ingawa misumari na mbao zina bei moja. Kesi ilifunguliwa mwaka 2008, ikamalizika kwa mapatano ya dola milioni 62 mwaka 2011. Hapakuwa na mtu aliyeandika katika kanuni ile kwamba Weusi wapunjwe, kanuni ilitosha.

Wenzetu wa madarasa ya juu wanaweza kuionyesha sehemu ya kwanza kwa zoezi la ufupisho. Waitazame kwanza peke yao, kwa maana maiti huonekana wazi, na wanafunzi wengine wana misiba yao nyumbani.