Mshindi Aimbe wa Pili: Uhakiki wa Tambo za Ushindi, Gisimenti

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki wameandika mengi juu ya nyimbo za jando, za harusi, za kazi na za vita. Nyimbo za kandanda wameziacha nje ya ua, kana kwamba utungo unaoimbwa na maelfu ya watu kwa sauti moja haustahili kuitwa fasihi. Sisi hatukubaliani na mtazamo huo. Tambo za mashabiki wa timu iliyoshinda zina fanani na hadhira, zina fani na maudhui, na zina jambo moja ambalo utenzi uliokwisha kuchapwa kitabuni hauna: mlengwa wake yupo hapo hapo, anasikia, na huenda akajeruhika. Kwa sababu hiyo zinastahili kuhakikiwa, na walimu wa Kiswahili wana sababu zaidi ya wengine ya kuifanya kazi hiyo.

Mahali na wahusika

Tumeichagua Gisimenti iwe mahali pa uchambuzi wetu. Huu ni mtaa wa Remera, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, karibu na Uwanja wa Amahoro uliofunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024, baada ya kupanuliwa hata ukaweza kuchukua watazamaji 45,000. Gisimenti ni mtaa wa starehe: mikahawa, baa, mishikaki na muziki, tena jiji limepata kuifunga barabara yake kwa magari siku za mwisho wa juma ili watu watembee na kukaa nje. Uwanjani mashabiki wa pande mbili hutenganishwa kwa majukwaa. Gisimenti hakuna majukwaa. Aliyeshinda na aliyeshindwa huketi meza kwa meza, na pengine meza moja, kwa kuwa ni majirani, au wafanyakazi wa ofisi moja, au watoto wa mama mmoja. Ndiyo maana lugha ya ushindi hupimika vizuri zaidi hapa kuliko uwanjani.

Mchezo unaoutikisa mtaa huu kuliko yote ni ule wa Rayon Sports na APR. Rayon ilianzia Nyanza, rangi zake ni buluu na nyeupe, na wapenzi wake huiita Gikundiro, yaani kipenzi cha watu. APR, iliyoundwa mwaka 1993, ni timu ya jeshi, na rangi zake ni nyeusi na nyeupe. Tarehe 3 Juni 2023 Rayon walitwaa Kombe la Amani huko Huye kwa bao 1-0. Tarehe 4 Mei 2025 APR walilitwaa kombe hilo hilo katika Uwanja wa Amahoro kwa mabao 2-0. Amahoro kwa Kinyarwanda ni amani. Basi jina la kombe ni amani na jina la uwanja ni amani. Lililobaki ni kuuliza kama maneno yanayotoka uwanjani kuelekea barabarani nayo yanastahili jina hilo.

Kiswahili kimeingia katika mtaa huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya shule na serikali, hasa tangu mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda. Ya pili ni ya mpira. Meddie Kagere aliifungia Simba ya Dar es Salaam mabao mengi hata akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania katika misimu ya 2018/19 na 2019/20. Haruna Niyonzima, nahodha wa miaka mingi wa timu ya taifa, aliichezea Rayon, kisha APR. Mwaka 2011 akaenda Yanga, mwaka 2017 akahamia Simba, na baadaye akarudi Yanga. Pamoja na habari za wachezaji hao yamekuja maneno: watani, kipigo, Mnyama, Wananchi. Mwanafunzi wa Kigali huyapata maneno hayo kabla mwalimu hajamfundisha. Hofu yetu ni kwamba hulipata neno bila kupata sheria yake.

Utani ni mapatano

Tuanze na neno lenyewe. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Nchini Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi vingi. Lugha yetu ilikuwa na neno adui, nayo haikulichagua. Ililichukua jina la wapinzani wa kandanda kutoka katika ujamaa.

Utani wa asili haukuwa ruhusa tupu ya kutukanana. Ule wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikuzwa na misafara ya biashara; ule wa Wangoni na Wahehe ulitokana na vita, watu waliokwisha uana wakapatana kuendelea na ugomvi wao kwa maneno. Mtani aliweza kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako, nawe hukuruhusiwa kukasirika. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye aliyefika kuchimba kaburi, akafanya mzaha hata wafiwa wakacheka katikati ya machozi, kisha akadai ujira wake. Haki ya kudhihaki ililipiwa kwa wajibu wa kuzika.

Rwanda nayo ina desturi iliyo jirani sana na hiyo, nayo ni ubuse wa koo. Abagesera, Abazigaba na Abasinga hutajwa kuwa ndio abase wa koo nyingine. Umuse aliruhusiwa kumtania mwenziwe apendavyo, lakini ndiye pia aliyeitwa kukibariki kiwanja cha makao mapya na kushiriki katika taratibu za kumaliza msiba. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha neno utani mjini Kigali haleti kitu kigeni. Analeta jina jingine la kitu ambacho babu za wanafunzi wake walikijua.

Kipimo chetu cha kwanza kinatoka hapo. Tambo ya ushindi ni utani ikiwa anayeitoa bado anauona wajibu wake kwa anayetaniwa. Wajibu huo ukikatika, maneno yale yale huwa kitu kingine. Tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa Simba na Yanga haukuchezwa: Simba walikataa kucheza wakilalamika kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ulichezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0. Katika miezi ile mitatu maneno baina ya pande mbili yalikuwa mengi, lakini hayakuwa utani, yalikuwa mashtaka.

Tarakimu na jeneza

Tutazame sasa fani. Tambo iliyo fupi kuliko zote ni ya vidole. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba 5-1, na tangu siku hiyo kiganja kilichokunjuliwa kikawa utungo kamili: hakina kitenzi wala kivumishi, na hakuna asiyekielewa. Simba nao hawakukosa jibu. Wao wana 6-0 ya tarehe 19 Julai 1977, na 5-0 ya tarehe 6 Mei 2012. Na Yanga wana 5-0 ya tarehe 1 Juni 1968. Tunaisifu tambo ya namna hii kwa sababu tatu. Inasema kweli. Inataja tendo la uwanjani, si umbo wala asili ya mtu. Tena inajibika, kwa kuwa kila upande una tarakimu zake katika kumbukumbu.

Mfano wa pili ni jeneza la mzaha. Mashabiki wamewahi kubeba sanduku lililofunikwa rangi za wapinzani, wakaliimbia na kulilia kana kwamba wanakwenda kuzika. Msomaji wa haraka atasema ni ukatili. Sisi tunaona kwamba, kwa upande wa Tanzania, ishara hiyo ina asili yake halali: mtani ndiye mzishi, na mzaha wa msibani ni kazi yake. Lakini maana ya ishara haikai ndani ya ishara peke yake. Hukaa pia mahali inapofanyiwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia katika uwanja huu wa Amahoro, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Wakati huo na kabla yake, redio na magazeti yalikuwa yamewazoeza watu kusikia binadamu wenzao wakiitwa mende. Jeneza linalochekesha Kariakoo haliwezi kuchekesha hapa, hata likibebwa na watu wasio na nia mbaya. Vivyo hivyo kumwita mpinzani jina la mdudu ni mzaha wa kawaida katika miji mingine. Katika mji huu neno hilo lina historia.

Wapo watakaotoka hapo na kusema kwamba basi dhihaka zote zipigwe marufuku, mashabiki wapige makofi na kwenda kulala. Hatuungi mkono rai hiyo. Watu wasiotaniana si lazima wawe wamepatana. Huenda wamenyamaza tu. Utani wa Wangoni na Wahehe unatufundisha kwamba dhihaka iliyowekewa mipaka ni njia ya kuukalia ugomvi bila silaha. Linalotakiwa ni mipaka, na mipaka ya maneno ni kazi ya watu wa lugha.

Kujisifu na kujibiwa

Rwanda ina hazina kubwa ya fasihi ya kujisifu, na hazina hiyo yaweza kutusaidia. Katika icyivugo shujaa hujitaja jina na matendo yake. Wahaya wa Tanzania wana ebyebugo, na hata sikio lisilozoea litasikia kwamba majina hayo mawili ni ndugu. Katika utanzu huu anayesifiwa ni msemaji mwenyewe, naye hujiweka chini ya hukumu ya wasikilizaji wanaozijua habari zake. Kuna pia umuhigo, yaani nadhiri inayotolewa hadharani kabla ya tendo, ambayo mtu atadaiwa baadaye. Tambo nyingi za mpira za siku hizi zimeugeuza mpango huo: badala ya kusema "mimi nimefanya hivi", zinasema "wewe ni kitu fulani". Hilo ni badiliko la nafsi katika sarufi, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, nalo ni badiliko la maadili pia.

Mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yanatupa kipimo kingine, nacho ni kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi katika karne ya 18 na ya 19, alikuwa msemaji wa mji wake katika malumbano na watu wa Lamu. Mashairi hayo yalikuwa makali, na nyuma yake palikuwa na vita vya kweli. Hata hivyo shairi la malumbano lilimngojea mjibu. Mara nyingi mjibu alivichukua vina na mizani ya mwenziwe, akamrudishia kwa mizani ile ile. Kwa kufanya hivyo alikiri kwamba aliyemchokoza ni mshairi. Nyimbo nyingi za ushindi tunazozisikia hazimngojei mjibu. Zimetungwa ili mwenzake anyamaze, na hapo ndipo tunapoona udhaifu wake wa kisanaa, si wa kitabia tu: utungo usiotazamia jibu hauna haja ya kuwa na akili.

Nani aimbe kwanza

Yafaa tutoke nje ya eneo letu kidogo. Nchini Marekani vyuo vikuu hushindana katika mpira wao wa mikono kwa uhasama usiopungua huu wetu. Tarehe 30 Novemba 2024 chuo cha Michigan kiliwashinda Ohio State 13-10 ugenini, na baada ya filimbi wachezaji wa Michigan wakataka kuisimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji. Ukazuka ugomvi, polisi wakatumia dawa ya kuwasha macho, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000.

Nchi hiyo hiyo ina desturi nyingine. Chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point na chuo cha jeshi la majini cha Annapolis vilianza kushindana mwaka 1890. Mchezo wao ukiisha, wachezaji wa pande zote mbili husimama pamoja mbele ya wanafunzi wa chuo kilichoshindwa, na wimbo wa chuo hicho huimbwa. Kisha wote huvuka uwanja, na wimbo wa washindi huimbwa wa pili. Kwa vijana wa vyuo hivyo "kuimba wa pili" maana yake ni kushinda. Hakuna aliyewanyima washindi wimbo wao. Wamepangiwa zamu tu. Mshindi anayesimama kuusikiliza wimbo wa mwenziwe ndiye anayefanya kazi ya mtani msibani, na baada ya kazi hiyo hudai ujira wake.

Kazi ya mwalimu

Hatutarajii kwamba mashabiki wa Gisimenti watapanga mstari na kuimba kwa zamu, wala hatuwaombi. Shuleni jambo hilo linawezekana. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, kama ile ya FEASSA iliyofanyika Huye mwaka 2023, huwakutanisha vijana wa nchi kadhaa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazoelewana kwazo. Walimu wenzetu wanaoambatana na timu hizo waweza kuijaribu desturi ya washindwa kuimba kwanza, washindi wakisimama na kusikiliza.

Darasani tunapendekeza zoezi jepesi. Baada ya mchezo wowote mkubwa, wanafunzi waandike tambo ya beti mbili kwa nafsi ya kwanza, wakitaja tendo lililoonekana uwanjani na kuacha umbo, ukoo na asili ya mtu. Kisha waliokuwa upande wa walioshindwa wajibu kwa vina na mizani ile ile. Jibu likishindikana kwa sababu tambo ya kwanza haina kitu cha kujibiwa, darasa lirudi likaichambue tambo hiyo na kuonyesha neno lililoufunga mlango. Watakaofanya zoezi hilo tunawakaribisha kutuletea matokeo yake, pamoja na beti zenyewe, tuzichapishe na kuzihakiki katika kurasa hizi.