Mchezo unaongoja kusikiwa



Ndani ya sanduku la katekista mzee mmoja tuliyemzika, tulikuta kaye tatu. Mbili zilijaa majina ya wakatekumeni. Ya tatu ilikuwa mchezo wa teatri, kurasa arobaini kwa Kiswahili, juu ya ndugu wawili wanaogombania shamba la baba yao. Mchwa walikuwa wamekula mwisho wake. Tukamwuliza mjane: Mchezo huu ulichezwa wapi? Akajibu: «Hapana pahali. Alikuwa akingoja nguo, mbao na taa.»

Neno hilo limetusumbua. Marehemu hakuhitaji nguo wala taa. Alihitaji watu wa kukaa na kumsikiliza saa moja na nusu. Leo tunataka kupima namna moja ya kuwasaidia waandikaji wasiojulikana: kusoma mchezo mbele ya watu kabla ya kuucheza. Tutaangalia faida yake, na makosa yake pia.

Jambo lenyewe ni rahisi. Wasomaji watano ao sita wanasimama, kila mmoja na karatasi mkononi. Mmoja anasoma maelezo: nani anaingia, nani anatoka, ni usiku ao mchana. Wengine wanagawana maneno ya watu wa mchezo. Mwandikaji anakaa nyuma na kusikiliza. Tusifikiri ni kitu cha ugeni. Dominika ya Matawi na Ijumaa Kuu tunasoma Mateso ya Bwana wetu kwa sauti tatu: mmoja anasimulia, mmoja anashika maneno ya Kristu, wa tatu maneno ya wengine. Hakuna anayevaa nguo za Pilato, na bado wamama wanatoa machozi.

Tutazame sasa matunda yake kwa wengine. Katika Marekani, pale Waterford, nyumba iitwayo Eugene O'Neill Theater Center ilianzishwa mwaka 1964. Tangu mwaka 1965 inakusanya waandikaji, na michezo yao mipya inasomwa na wachezaji wenye karatasi mkononi. August Wilson, Mweusi wa mji wa Pittsburgh, alipeleka maandiko yake huko, yakakataliwa zaidi ya mara moja. Hakujulikana. Kwa miaka mitatu alikuwa akipika chakula katika nyumba ya Little Brothers of the Poor, shirika linalosaidia wazee maskini. Mwaka 1982 walipokea mchezo wake Ma Rainey's Black Bottom. Mkubwa wa mkutano ule, Lloyd Richards, akauchezesha pale Yale mwaka 1984, na mwaka uleule ukafika Broadway. Kisha Wilson akapata zawadi ya Pulitzer mara mbili, mwaka 1987 na 1990. Tuangalie vizuri: kusomwa hakukumpa akili ya kuandika, alikuwa nayo tayari. Kulimpa mtu mwenye uwezo aliyemsikia na kumshika mkono.

Katika Ufaransa, Jean Vilar alimwita Lucien Attoun alete waandikaji wapya kwenye sikukuu ya teatri ya Avignon. Vilar alikufa Mei 1971, lakini kazi ilianza mwaka uleule, ndani ya kikanisa cha zamani kiitwacho Chapelle des Pénitents Blancs. Hivyo Attoun na mke wake Micheline walianzisha Théâtre Ouvert. Wachezaji walipata siku chache tu za kujitayarisha, kisha wakasimama mbele ya watu na maandiko mikononi.

Basi, je, dawa imepatikana? Hapana. Tunaona makosa matatu.

La kwanza ni kufikiri kwamba kusikiwa kunatosha. Jean-Luc Lagarce aliandika Juste la fin du monde mwaka 1990. Ni habari ya kijana anayerudi nyumbani ili awaambie ndugu zake kwamba atakufa, kisha anaondoka bila kusema. Kamati za wasomaji zikaukataa. Lagarce akafa mwaka 1995, mwenye miaka 38, na mchezo ukaonekana jukwaani mwaka 1999 tu. Watu wake wanasema neno, wanalisahihisha, wanalirudilia. Jicho linachoka haraka na maneno ya namna ile. Sikio linafahamu mara moja kwamba huyu anaogopa. Ndiyo sababu tunasifu kusoma kwa sauti. Lakini Théâtre Ouvert walimjua Lagarce na walikuwa wamesaidia kazi yake, na hata hivyo mchezo ule ulingoja. Anayesikia asipochukua mzigo wa kuuchezesha, mwandikaji anabaki na makofi ya jioni moja.

La pili ni la wasomaji. Wengine wanapiga kelele, wanalia, wanarusha mikono. Watu wanashangilia msomaji, na hawajui kama maandiko ni mazuri ao mabaya. Sisi wenyewe tumefanya kosa hilo katika jioni moja ya wafratri: tulichekesha watu kwa uso, na mwandikaji akaenda kulala akifikiri kwamba sehemu yake dhaifu ndiyo bora. Tulimdanganya. Asomaye apashwa kulitii neno lililoandikwa, hata linapokuwa zito, ili mwandikaji asikie uzito huo.

La tatu linatugusa sisi zaidi. Tangu mwaka 2013, redio ya RFI inasomesha pale Avignon michezo ya waandikaji wa Afrika na wa nchi nyingine, kwa jina la Ça va, ça va le monde!, na kuitoa hewani. Zawadi yake ya teatri, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2014, ilikwenda kwa Julien Mabiala Bissila wa Congo-Brazzaville. Tunafurahi. Lakini mlango ule ni wa Kifaransa. Katekista wetu hangeupita. Anayeandika kwa Kiswahili asiposikiwa hapa kwetu, atasikiwa wapi?

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, haifai kungoja fedha. Kila seminari na kila parokia ina chumba, viti na vijana wanaojua kusoma. Mara moja kwa mwezi tuchague mchezo mmoja usiojulikana. Tuunakili kwanza, maana mchwa hawangoji. Tuusome bila mapambo. Kisha tuwaulize wasikilizaji, na wazee kwanza: Ni wapi mlichoka? Ni nani hamkumwamini? Mwandikaji aandike majibu bila kujitetea. Na mchezo ulio mzuri kweli, mmoja wetu auchukue, asiuache mpaka umechezwa.

Kaye ya yule mzee iko mezani petu. Tutaisoma kwanza, mpaka pale mchwa walipoacha, na hapo tutanyamaza.