Tosta Anayeogopa Uma

Katika filamu ya katuni The Brave Little Toaster, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1987, kuna jinamizi fupi ambalo waliolitazama utotoni hawalisahau. Tosta amelala porini na wenzake. Anaota amerudi jikoni, anamwandalia mkate mvulana ampendaye. Mkate unaungua, moshi unajikunja ukawa mkono, mkono ukamzoa mvulana. Anaibuka chale wa sarakasi kavaa nguo za zimamoto, anatabasamu kwa meno yote, anamwambia kwa sauti ya chini: kimbia. Maji yanayomfukuza tosta yanageuka uma, uma zinamnyeshea, na mwisho ananing'inia juu ya beseni la kuogea lililojaa maji.

Moto, uma, maji. Nunua leo kifaa chochote cha kubanikia mkate, fungua boksi, utakuta karatasi ya tahadhari inayotaja mambo hayohayo: usikiache kikiwaka peke yake, usikichokonoe kwa chuma, usikisogeze karibu na maji. Waandishi wa filamu waliichukua karatasi ambayo hakuna anayeisoma wakaifanya jinamizi. Tosta hakuazimwa woga wa mtoto, wala hakuwekewa zimwi la hadithi za kawaida. Alipewa woga unaomfaa tosta.

Singida filamu hii ilitufikia kwa kanda ya video miaka ya tisini, wakati ambapo Tanzania Bara ndiyo kwanza inazindua vituo vyake vya televisheni. Tulikuwa tukiogopa na kuomba irudishwe nyuma tuone tena. Nikiitazama leo nikiwa mtu mzima, chale hanitishi tena. Kinachonishika ni mikono iliyoichora, na nidhamu ya watu waliokataa njia rahisi kila ilipojitokeza.

Kisa chenyewe kiliandikwa na Thomas M. Disch, mwandishi wa Marekani, kikatoka mwaka 1980 katika jarida la The Magazine of Fantasy & Science Fiction. Disch alikiita hadithi ya kuwabembelezea usingizi vyombo vidogo vya umeme. Vyombo vitano vimeachwa katika nyumba ya mapumziko msituni: tosta, redio, taa ya mezani, blanketi la umeme na mashine ya kufyonza vumbi. Mwenye nyumba hatokei tena, nao wanaamua kumfuata mjini.

Kampuni ya Disney ilinunua haki za kisa hiki mwaka 1982. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, John Lasseter, alitaka wahusika wachorwe kwa mkono na mandhari yatengenezwe kwa kompyuta. Aliwaeleza wakubwa wazo lake, likakataliwa, na muda mfupi baadaye akapoteza kazi. Alikwenda kujiunga na kundi la wataalamu wa kompyuta ambalo baadaye lilikuja kuwa Pixar, na mwaka 1986 akatoa Luxo Jr., filamu ya dakika mbili hivi kuhusu taa mbili za mezani. Tosta naye akaangukia mikononi mwa kampuni ndogo ya Hyperion. Mwongozaji akawa Jerry Rees, aliyeandika filamu pamoja na Joe Ranft, yuleyule ambaye miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa watunzi wa kisa cha Toy Story ya 1995.

Fedha walizopata zilikuwa dola milioni 2.3 hivi, kiasi kidogo sana kwa filamu ya aina hiyo. Kazi ya kuchora ikapelekwa Taipei, Taiwan, na Rees akahamia huko kwa miezi kadhaa akae na wachoraji. Ili kuipima kazi hiyo, hesabu kidogo inatosha. Filamu ina dakika 90. Kila sekunde inapitisha picha 24. Hizo ni picha 129,600. Katika katuni za mkono mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa kwa picha mbili, kwa hiyo mhusika mmoja anahitaji michoro 12 kwa sekunde moja ya kutembea, na hapa wahusika ni watano, mara nyingi wote wakiwa mbele ya macho kwa pamoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa tazama wanavyotembea. Tosta hana mikono wala miguu. Anakwenda kwa kuyumba, kona hii kisha kona ile, namna mtu anavyosogeza friji kwenye sakafu. Taa inakunja shingo kabla ya kuruka, maana shingo ndiyo chemchemi yake. Blanketi linajiburuta, na pembe zake mbili ndiyo mikono. Mashine ya kufyonza vumbi ni nzito, inanguruma, na inapogeuka huchelewa kidogo. Sauti yake ni ya Thurl Ravenscroft, mwimbaji wa besi nene, na uzito wa sauti unalingana na uzito wa chuma. Redio inaongea bila kupumzika, kwa sauti ya mtangazaji, hata pale ambapo hakuna anayetaka kusikia. Tabia zote tano zimetoka katika kazi ambayo kila chombo kiliundwa kuifanya. Zima sauti kabisa uangalie miendo tu, bado utajua nani mwenye haraka, nani mwenye kinyongo, nani anataka kubebwa.

Kisha wanataka kuanza safari, na filamu inauliza swali ambalo mtu wa Singida angeliuliza kwanza: umeme wataupata wapi? Wanachukua betri ya gari, wanaipandisha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, mashine ya vumbi inavuta. Njiani betri inakufa. Usiku wa mvua kubwa taa inajitoa mhanga, inasimama juu ya betri na kuipokea radi mwilini mwake ili wenzake wapate nguvu. Huko ilikotengenezwa, labda mtoto alihitaji kuelezwa. Sisi tuliona betri ya gari ikifungwa nyuma ya baiskeli, ikapelekwa mjini kuchajiwa ili kijiji kiangalie mechi moja. Tuliona betri za redio zikianikwa juani ili zibaki na pumzi ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwamba umeme hukwisha, na kwamba mtu hulipia gharama ili urudi, lilikuwa jambo la nyumbani.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni ya ua. Ubavu wa tosta ni chuma king'aacho. Kwa mchoraji huu ni mzigo mzito, kwani kila tosta anapohama, taswira ya mahali alipo inapaswa kuhama pia juu ya bati lake. Waliobanwa na fedha wangempaka rangi ya kijivu wakaendelea. Hawa waliugeuza mzigo kuwa kisa. Tosta anapenya kichakani, anakuta ua lililoota peke yake gizani. Ua linajiona kwenye chuma, linadhani limepata mwenzi, linamkumbatia. Tosta anajaribu kulieleza kwamba ile ni taswira yake tu, kisha anaondoka kwa aibu. Anapogeuka kutazama, ua limeinamisha kichwa, na petali zimeanza kuanguka. Ua halikusema neno lolote. Mkulima wa alizeti wa Iramba au Ikungi hulisoma ua kwenye shingo. Shingo ikilegea, anajua hali ilivyo kabla hajaangalia petali. Wachoraji wale waliijua shingo hiyo.

Kabla ya safari kuna kiyoyozi. Kimejengewa ukutani, hakiwezi kwenda popote, na wenzake wanapomkumbuka mvulana kwa mapenzi chenyewe kinawadhihaki. Wanakibana mpaka kidonda chake kinafunuka: mvulana alikuwa mdogo mno kukifikia, hakuwahi kucheza nacho. Hasira inapanda, taa zake zinawaka, kinatetemeka, kinaungua, kinakufa mbele ya watoto wanaotazama. Na kifo chake ni kifo cha kiyoyozi. Kimezidiwa na joto, jambo ambalo kiliundwa kulizuia. Hapo ndipo giza la filamu hii linapotofautiana na giza la filamu nyingi za kutisha: halikupakwa juu, limechimbwa kutoka ndani ya mashine.

Halafu linakuja duka la vipuri. Mzee Elmo St. Peters anawaokota vyombo walipokwama matopeni, anawaweka rafuni. Mteja anaingia akitaka mota ya blenda. Elmo anaikamata blenda iliyo hai, anaiweka mezani, anafungua skrubu, na wengine wanatazama wakitetemeka. Rafu zimejaa viumbe vya kuungaunga, taa iliyoshonwa kwenye kifungua kopo na wembe wa umeme, wakiimba kwa kicheko cha waliokwisha kukata tamaa. Kwa mtazamaji wa huko, ni chumba cha maiti.

Mtu wa Singida anaiona meza hiyo na kuitambua. Ni kibanda cha fundi redio. Yupo kila mji wetu mdogo, kajizungushia redio za National zisizo na mgongo, na juu ya meza ana bisibisi, waya wa risasi na pasi ya kulehemu. Redio inayotoka pale ina spika ya redio nyingine, kitufe cha rangi tofauti, na spoki ya baiskeli badala ya antena. Inasikika Manyoni hadi Mkalama, na mwenyewe anaibeba kwa fahari. Kwetu chombo kilichokufa humwachia kingine uhai, na hakuna anayeliona hilo kuwa uchawi.

Nilidhani hapo filamu na mimi tumeachana njia. Lakini angalia alichopewa mvulana, Rob, ambaye sasa amekua na anajiandaa kwenda chuoni. Anaporudi katika nyumba ya msituni, anakikuta kiyoyozi kilichoungua, anakifungua, anakitengeneza, na kinapuliza tena. Mwishoni kabisa, tosta akiwa amejitupa katikati ya meno ya mtambo wa kuponda magari ili kumwokoa Rob asipondwe, ni Rob huyohuyo anayekaa na mabaki yake mezani na kuyaunganisha. Bisibisi ni ileile ya Elmo. Filamu iliyotutisha kwa fundi ndiyo inayookolewa na fundi. Tofauti imewekwa mahali pamoja tu, kwamba mmoja anafungua ili auze na mwingine anafungua ili kirudi kazini.

Kati ya mafundi hao wawili lipo jalala la magari. Mtambo unaponda chuma, sumaku kubwa inanyakua, na magari yanaimba wimbo uliotungwa na Van Dyke Parks, kila moja likieleza lilikowahi kwenda: mashindano, harusi, mazishi. Kila gari lina sekunde chache tu, kisha ubeti unakatwa na kishindo. Gari moja chakavu la mizigo halingojei kusukumwa. Linajiendesha lenyewe hadi chini ya mtambo. Hakuna anayelitolea maelezo. Mwandishi mwoga angeongeza mhusika wa kuwafariji watoto. Rees na Ranft waliwaamini watoto kubaki na swali hilo.

Miaka minne baada ya filamu hii, Disney ilitoa Beauty and the Beast, yenye kinara cha mishumaa na saa vinavyoongea. Msanii aliyesimamia mwonekano wa filamu hizo mbili ni mmoja, Brian McEntee. Lakini kinara kile ni binadamu aliyerogwa, na furaha yake ni kurudi kuwa mtu. Tosta hataki kuwa mtu. Furaha yake ni mkate usioungua. Hilo ni gumu zaidi kulichora, kwa kuwa hakuna binadamu aliyejificha ndani wa kukopa hisia zake.

Malipo ya kazi hiyo hayakuwa makubwa. Filamu ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 1988, lakini haikupata msambazaji wa kuipeleka kwenye majumba mengi ya sinema. Ilipita kwenye televisheni, kisha kwenye kanda. Ni kwa njia hiyo ya uchochoroni hata sisi tuliipata.

Leo katuni zinachorwa Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014, na Nairobi walishatengeneza Tinga Tinga Tales kabla ya hapo. Wengi wa mashujaa wao ni wanyama na watoto, nao wanapendeza. Mimi nawadai chemli. Sola imeingia vijijini mwetu, na chemli nyingi sasa zimekaa juu ya kabati zikiwa na utambi mkavu. Atakayeichora asianze na macho wala mdomo. Aanze kwa kuuliza inaogopa nini, na jibu analo kila aliyewahi kusomea mtihani kwa mwanga wake: upepo wa Singida, tone la maji baridi kwenye kioo cha moto, na mafuta kuisha ukurasa mmoja kabla ya mwisho wa sura. Akishapata hayo matatu, macho na mdomo vitajileta vyenyewe.