Mkuki Uliokatwa Mpini

Barbados ilipokuwa ikijiandaa kujitawala mwaka 1966, wananchi walialikwa kushindania mchoro wa bendera. Ilipokelewa michoro 1,029. Ulioshinda ni wa Grantley Prescod, mwalimu wa sanaa, na kila nikiutazama naiona kazi ya mtu aliyejua wapi pa kukata.

Mapande matatu yamesimama wima, bluu iliyokolea pembeni na dhahabu katikati. Bluu ni bahari na mbingu, dhahabu ni mchanga wa fukwe. Hapo hajatushangaza, visiwa vingi vimeitia bahari kwenye bendera. Ufundi wenyewe uko kwenye kile kitu cheusi kilichokaa juu ya dhahabu: kichwa cha mkuki wa meno matatu.

Enzi za ukoloni, nembo ya kisiwa ilimwonyesha Britannia, yule mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, akipita juu ya bahari na mkuki huo mkononi. Prescod angeweza kuutupa, achore jua au ndege, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliuchukua. Akamwondoa mwanamke, akayaondoa mawimbi, kisha akaukata mpini. Kichwa kimebaki kwa wenyeji; pale mkono wa mtawala ulipokuwa umeshika, hapapo tena. Na hakuufuta mpini wote! Ameacha kipande kifupi, kiasi cha kumjulisha mtazamaji kwamba kuna kitu kimekatika. Bila kipande hicho tungebaki na pambo zuri lisilo na habari.

Serikali inaeleza kuwa meno yale matatu ni serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu. Sawa, ingawa kwangu maelezo hayo yamebandikwa baadaye. Mpini uliokatwa unajieleza.

Nembo ya taifa, aliyoikabidhi Malkia Elizabeth II Februari mwaka huohuo, ina tabia nyingine kabisa. Imesheheni: mtini wenye mizizi inayoning'inia kama ndevu, ambao inaaminika ndio uliokipa kisiwa jina lake; maua mekundu na manjano ambayo hata pwani yetu hupandwa kuzunguka nyumba; samaki upande mmoja, mwari upande wa pili. Macho yanachoka kabla hayajafika juu. Lakini yakifika, yanakuta mkono wa mtu mweusi umekamata miwa miwili iliyopishana. Katika kisiwa ambacho watumwa walikatishwa miwa kwa vizazi, mkono huo umewekwa juu ya vyote. Miwa nayo imepishana kwa umbo la msalaba wa Mtakatifu Andrea, ambaye sikukuu yake, Novemba 30, ndiyo siku ya uhuru.

Novemba 30, 2021, Barbados ilimwondoa Malkia kwenye ukuu wa nchi, ikawa jamhuri, na Sandra Mason akaapishwa kuwa rais wa kwanza. Bendera ya Prescod haikubadilishwa hata uzi mmoja.